Zege kwa Ajili ya Wengi: Majengo ya Umma ya Lina Bo Bardi

Zege lilikuwa mali ya wahandisi kwa muda mrefu kabla wasanifu majengo hawajalitia mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19, Mfaransa François Hennebique alipoeneza mfumo wake wa nguzo na boriti zinazomwagwa pamoja zikawa kiunzi kimoja, walionufaika zaidi walikuwa wenye viwanda na maghala, watu waliohitaji sakafu zisizoshika moto na zenye uwezo wa kubeba mashine nzito, na ambao hawakushughulishwa sana na sura ya jengo. Mchanganyiko huo wa saruji, mchanga, kokoto na maji hustahimili sana kubanwa lakini hukatika upesi unapovutwa, ndiyo maana ndani yake hulazwa nondo za chuma ili zipokee nguvu za mvuto, na kwa kuwa humwagwa ukiwa bado rojorojo ndani ya maboksi ya mbao, hukauka ukiwa na umbo lolote ambalo seremala ameweza kulifunga.

Mkondo wa usasa, yaani fikra iliyotaka jengo lisivikwe mapambo ya kuazimwa kutoka zama za kale bali lijieleze kwa muundo na matumizi yake, ulilichukua zege hilo la viwandani na kulipa hadhi nyingine. Mwaka 1952, Le Corbusier alipomaliza jengo kubwa la makazi mjini Marseille, Ufaransa, aliliacha zege lake likiwa ghafi, bila lipu wala rangi, alama za mbao zikionekana ukutani, na kutokana na ughafi huo wahakiki wakaupa jina la ubrutali mtindo mzima uliofuata. Nchini Brazili mtindo huo ulikuta mambo yako tayari, kwa sababu viwanda vya saruji vilikuwa vikiongezeka na wahamiaji kutoka majimbo makavu ya Kaskazini-Mashariki walikuwa wakimiminika São Paulo, wakifunga maboksi na kubeba zege kwa ujira mdogo. Oscar Niemeyer alilitumia zege likiwa jeupe na laini katika kasri za serikali za Brasília, mji mkuu uliozinduliwa mwaka 1960. Mjini São Paulo, João Batista Vilanova Artigas, msanifu aliyekuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, alishika njia kavu zaidi, na jengo alilolibuni kwa ajili ya Kitivo cha Usanifu cha Chuo Kikuu cha São Paulo, lililokamilika mwaka 1969, liliachwa bila mlango wa mbele ili apitaye nje aweze kuingia hadi ukumbini pasipo kuulizwa.

Ndani ya mazingira hayo ndimo alimofanyia kazi Lina Bo Bardi, mwanamke, mgeni, na mtu ambaye kwa miaka mingi wenzake walimhesabu kuwa mke wa mkurugenzi wa makumbusho kabla ya kumhesabu kuwa msanifu. Majengo yake ya umma si mengi. Hata hivyo, ukiyatazama pamoja, yanafuata azma moja: zege linabebeshwa mzigo mzito mahali pachache ili pabaki nafasi tupu mahali ambapo watu ni wengi. Linaloyatenganisha ni hatima yao, kwa maana nafasi hizo zilidumu au zilipotea kwa kutegemea nani aliyelipa gharama na nani aliyeshika funguo, na ubora wa ramani haukuwa na sauti kubwa katika jambo hilo. Historia ya majengo haya kwa hiyo haiwezi kuandikwa kwa kuangalia nguzo na boriti peke yake.

Achillina Bo alizaliwa Roma tarehe 5 Desemba 1914, akasomea usanifu katika mji huo wakati ambapo walimu wakubwa wa kitivo walikuwa wakijenga kwa ajili ya utawala wa kifashisti, kisha akahamia Milano, akafanya kazi na Gio Ponti na kuandika katika majarida ya usanifu, likiwamo Domus. Vita vilimnyima nafasi ya kujenga. Mwaka 1943 mabomu yaliiangamiza ofisi yake, na amani iliporejea alizunguka Italia akiandika habari za miji iliyobomolewa, jambo lililompa mazoea, ambayo hakuyaacha, ya kumtazama kwanza mtu anayeishi ndani ya nyumba na baadaye nyumba yenyewe. Mwaka 1946 aliolewa na Pietro Maria Bardi, mfanyabiashara wa sanaa na mwandishi wa habari aliyewahi kuwa karibu na ufashisti, na mwaka huohuo wakavuka bahari kwenda Brazili. Huko Bardi alikutana na Assis Chateaubriand, mmiliki wa mtandao mkubwa wa magazeti na vituo vya redio, ambaye alitaka São Paulo iwe na makumbusho ya sanaa ya kiwango cha Ulaya, tena aliyataka upesi, wakati Ulaya iliyofilisika ilikuwa ikiuza michoro kwa bei ya chini. Fedha alizipata kwa kuwabana matajiri wenzake, ambao waliyajua magazeti yake na hawakupenda kuyachokoza.

Makumbusho ya Sanaa ya São Paulo, yanayofahamika kwa kifupi cha MASP, yalifunguliwa Oktoba 1947 katika ghorofa za jengo la magazeti hayo katikati ya mji. Lina alipanga kumbi zake, akabuni viti vyake, na mwaka 1950 akaanzisha pamoja na mumewe jarida la Habitat, ambamo nyumba za kisasa na vyungu vya mafundi wa vijijini viliwekwa kurasa kwa kurasa bila kutanguliza kimoja. Mwaka 1951 alichukua uraia wa Brazili, akamaliza nyumba yake ya kuishi katika kitongoji cha Morumbi, iliyoitwa Nyumba ya Kioo, ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo nyembamba kwenye mteremko wenye miti. Ni nyumba nzuri, lakini bado ni nyumba ya watu wenye uwezo, na kama angeishia hapo jina lake lingebaki katika majarida ya mapambo ya ndani.

Kilichombadilisha kilikuwa Bahia. Mwaka 1959 serikali ya jimbo hilo la Kaskazini-Mashariki ilimwita aanzishe na kuongoza makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini Salvador, mji ambao kwa karne kadhaa ulikuwa mojawapo ya bandari kuu za kushushia watu waliotekwa utumwani kutoka Afrika, na ambao wakazi wake wengi ni vizazi vya watu hao. Makumbusho yalianza mwaka 1960 katika sehemu ya mbele ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Castro Alves, ulioungua mwaka 1958 kabla hata haujazinduliwa. Wakati yakiendelea humo, Lina alikarabati Solar do Unhão, mkusanyiko wa majengo ya zama za ukoloni kando ya bahari yaliyowahi kuhudumia biashara ya sukari, na ndani ya jengo kuu akajenga ngazi ya mbao isiyo na msumari hata mmoja, vipande vyake vikishikana kwa hesi na vigingi vilivyoigwa kutoka kwa waundaji wa mikokoteni ya ng'ombe. Maonyesho ya kwanza ya mwaka 1963 yalijaa vitu vya watu wa kawaida wa Kaskazini-Mashariki: vyungu, matandiko yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu, sanamu za nadhiri, na koroboi zilizoundwa kwa makopo yaliyotupwa. Hakuvionyesha kama mabaki ya kusikitikia. Kwake vilikuwa ushahidi kwamba maskini wana maarifa ya ufundi ambayo nchi ingeweza kuyajengea viwanda vyake, na alikusudia kufungua hapo shule ambayo mafundi wa asili na wanafunzi wa usanifu wangefundishana.

Shule hiyo haikufunguliwa. Mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1964 yalimwondoa Lina katika uongozi wa makumbusho, na mwaka uliofuata maonyesho ya vitu hivyohivyo yaliyokuwa yameandaliwa Roma yalizuiwa na wakuu wa Brazili kabla hayajafunguliwa, hata mwanahistoria wa usanifu Bruno Zevi akaandika gazetini kwamba sanaa ya maskini imewatia hofu majenerali. Mtu anaweza kujiuliza ni hatari gani iliyokuwamo katika koroboi ya kopo, ila swali hilo ni rahisi mno, kwa sababu watawala walielewa vizuri kwamba maonyesho yale yalikuwa hoja kuhusu nani anayestahili kuitwa mwenye ustaarabu.

Akiwa bado anahangaika na Bahia, kazi yake kubwa ya São Paulo ilikuwa imekwisha anza. Juu ya barabara ya Paulista, kwenye ukingo wa bonde linalotazama katikati ya mji, kulikuwa na uwanja wa jiji ambao zamani ulikuwa na baraza la kupumzikia na kutazamia mandhari, nalo lilibomolewa mwaka 1951. Lina aliona kwamba makumbusho yanaweza kujengwa hapo kwa masharti kwamba watu wasinyang'anywe mandhari yao, na mwaka 1957 alianza kuchora jengo lisilogusa uwanja. Nguzo nne tu ndizo zinazosimama, mbili kila upande, na kati ya pande hizo pana nafasi ya takribani mita 70 isiyo na kitu cha kuishikilia. Boriti mbili kubwa juu kabisa zinabeba paa, nyingine mbili za ndani zinabeba ukumbi mkuu wa picha, na sakafu ya chini ya jengo, iliyo mita 8 juu ya uwanja, imening'inizwa kwa vyuma kutoka kwenye boriti hizo za ndani. Kumbi za mikutano, maktaba na mgahawa viliwekwa chini ya usawa wa uwanja, vikafuata mteremko wa bonde.

Boriti za urefu huo zisingewezekana kwa nondo za kawaida. Mhandisi José Carlos de Figueiredo Ferraz alitumia zege lililokazwa, yaani zege ambalo ndani yake hupitishwa nyaya za chuma zinazovutwa kwa jeki na kufungwa zikiwa bado zimekaza, ili boriti ibanwe mapema kutoka ncha hadi ncha na mzigo utakapoikalia isipasuke upande wa chini. Mfumo wa kukaza aliutengeneza mwenyewe. Ferraz baadaye aliteuliwa kuwa meya wa São Paulo, kati ya mwaka 1971 na 1973, na ni mara chache mhandisi hupata kuongoza jiji ambalo wakazi wake hukutana chini ya boriti alizozipigia hesabu.

Ujenzi ulikwenda kwa kusuasua kwa sababu fedha za jiji zilikatika mara kwa mara, na Chateaubriand alifariki Aprili 1968 bila kuuona ukikamilika. Jengo lilizinduliwa tarehe 7 Novemba 1968 mbele ya Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Zege lake lilikuwa limeachwa na makovu yote ya mbao, na Lina alisema waziwazi kwamba hakutafuta uzuri bali alitafuta uhuru, akaongeza kwamba wasomi hawakulipenda bali wananchi walilipenda. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, wiki 5 tu baadaye, utawala wa kijeshi ulitangaza Sheria ya Kitaasisi Namba 5, iliyofunga Bunge, ikaondoa haki ya aliyekamatwa kwa makosa ya kisiasa kufikishwa mbele ya hakimu, na kufungua miaka mibaya kuliko yote ya mateso na udhibiti wa maandishi. Uwanja mkubwa uliotolewa kwa watu wa São Paulo chini ya jengo hilo ulizaliwa katika majuma ambayo kukusanyika kulikuwa kunageuzwa kosa.

Juu ya uwanja huo, katika ukumbi wa picha, Lina alifanya jambo ambalo pengine liliwashtua wataalamu wa makumbusho kuliko boriti. Alikataa kuta. Kila mchoro ulifungwa kwenye kioo kinene kilichochomekwa wima ndani ya mchemraba wa zege, na viegemeo hivyo vya kioo vikapangwa safu kwa safu katika ukumbi mmoja mpana uliopata mwanga kutoka pande zote, hata michoro ikaonekana kama imesimama hewani katikati ya watazamaji. Jina la mchoraji na maelezo ya kazi yaliwekwa nyuma ya kioo. Mtu aliyeingia hakuanza kwa kusoma jina kubwa na kuinama kwa heshima. Alianza kwa kutazama, kisha akitaka kujua zaidi alizunguka upande wa pili. Mpangilio huo ulikuwa na walakini wake, kwa kuwa mwanga mkali hauzifai rangi za kale na mtazamaji hukengeushwa na miguu ya wenzake inayoonekana chini ya picha, lakini hakuna aliyeingia humo akadhani kwamba sanaa ni mali ya watu wengine.

Uwazi wa chini nao ulijipatia matumizi ambayo hayakuwamo katika mpango wa makumbusho yoyote. Mwaka 1972 sarakasi ya Piolin, mchekeshaji aliyependwa sana mjini humo, ilisimikwa hapo. Soko la vitu vya kale lilizoea kukutana hapo siku za Jumapili. Utawala wa kijeshi ulipofikia ukomo mwaka 1985, mahali hapo palikuwa njiani kuwa kituo cha kawaida cha kuanzia maandamano ya walimu, vyama vya wafanyakazi, wanaharakati wa kila upande na hata wapinzani wao.

Miaka iliyofuata uzinduzi wa MASP ilikuwa na kazi chache za ujenzi kwa Lina, aliyeshughulika zaidi na mapambo ya jukwaa na maonyesho. Kazi iliyo muhimu kutaja ni kanisa dogo la matofali mjini Uberlândia, lililoanzwa mwaka 1976 katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, ambalo waumini wenyewe walishiriki kulijenga. Alipopata tena kazi ya zege alikuwa na umri unaozidi miaka 60.

Kazi hiyo ilitoka kwa taasisi ambayo, kwa mtazamo wa kisiasa, haikuelekea kuwa mwenzi wake. Huduma ya Kijamii ya Biashara, inayofahamika Brazili nzima kwa kifupi cha SESC, iliundwa mwaka 1946 kwa juhudi za viongozi wa waajiri, waliotoka vitani wakiwa na hofu ya migomo na ya wakomunisti na walioona afadhali kugharimia afya, mapumziko na utamaduni wa wafanyakazi kuliko kupambana nao. Fedha zake hazitoki kwa wahisani wala katika bajeti ya serikali. Sheria inaziagiza kampuni za biashara na huduma kuchangia asilimia 1.5 ya jumla ya mishahara zinayolipa, na taasisi inaziendesha fedha hizo yenyewe. Chombo kilichoasisiwa ili kuwatuliza wafanyakazi kikawa, baada ya miaka 30, mahali penye uwezo wa kumpa msanifu wa mrengo wa kushoto jengo la umma, muda wa kutosha na uhuru wa kuamua, wakati nchi ingali chini ya majenerali.

SESC ilikuwa imenunua mwaka 1971 kiwanda kilichoachwa katika kitongoji cha Pompéia, magharibi mwa São Paulo, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kutengeneza mapipa na baadaye kikatumiwa kuunda majokofu. Mpango wa awali ulikuwa kukibomoa. Lina alipokitembelea mara ya kwanza, mwaka 1976, alikuta mabanda ya matofali yaliyopangwa kwa utaratibu wa viwanda vya Kiingereza, lakini ndani yake akakuta kiunzi chembamba cha zege cha mfumo wa Hennebique, ambacho akakihesabu kuwa urithi wa kuhifadhiwa. Aliporudi siku ya Jumamosi mambo yalikuwa mengine: watoto walikuwa wakikimbia kutoka banda hadi banda, vijana wakicheza mpira huku mvua ikipenya paa lililotoboka, akina mama wakichoma nyama kwenye mlango unaotazama barabara, na karibu yao watoto wengine wakitazama vikaragosi. SESC ilikuwa imewaruhusu watu kuanza kupatumia kama palivyo. Uamuzi wa Lina ulikuwa kwamba yote yale yaendelee, na kazi ya msanifu ni kuyapa paa lisilovuja.

Akishirikiana na wasanifu vijana Marcelo Ferraz na André Vainer, alihamishia ofisi yake ndani ya eneo la ujenzi, akabaki humo hadi kazi ilipokwisha, akichora asubuhi na kubadilisha mchana baada ya kuzungumza na mafundi. Lipu ya kuta ilikwanguliwa kwa mchanga unaorushwa kwa msukumo wa hewa ili matofali ya awali yaonekane. Njia ya ndani inayopita kati ya mabanda ilitandikwa mawe, na pembeni mwake mifereji ya maji ya mvua ikajazwa kokoto za mviringo. Katika banda kubwa zaidi kuta za kati ziliondolewa, kukawa na sebule moja ambamo maji ya kina kifupi, yaliyopewa jina la mto São Francisco, yanapinda sakafuni, na karibu yake pana mahali pa kuotea moto. Maktaba iliwekwa juu ya majukwaa ya zege yaliyo wazi, bila mlango, hivyo kwamba mzee anayesoma gazeti, wachezaji wa sataranji na watoto wanaochezea maji wapo chini ya paa moja. Karakana za ufinyanzi, useremala, ufumaji na uchapaji ziligawanywa kwa kuta fupi za matofali ya saruji zisizofika darini, ili anayefinyanga amwone anayeranda. Mgahawa ulipewa meza ndefu za kukalia pamoja.

Ukumbi wa michezo ya kuigiza una majukwaa ya watazamaji pande mbili, yanayotazamana na jukwaa la kati, na viti vyake ni vya mbao tupu, visivyo na godoro. Walalamishi hawakukosekana. Lina aliwajibu kwamba watazamaji wa zama za kale walikalia mawe na kwamba magodoro yaliletwa na kumbi za makasri; kiti kigumu, kwa maoni yake, humrudishia mtazamaji wajibu wa kushiriki badala ya kujilaza. Hoja hiyo inavutia zaidi ikisomwa kuliko ikikaliwa kwa saa tatu.

Sehemu ya mabanda ilifunguliwa mwaka 1982. Iliyofuata, ya michezo, ilikuwa na tatizo la ardhi, kwa kuwa chini ya kiwanja hupita kijito cha Água Preta kilichofunikwa na kupitishwa kwenye mfereji, na sheria haikuruhusu jengo juu yake, kwa hiyo kiwanja kilichobaki kilikuwa vipande viwili visivyokutana. Lina alisimamisha minara miwili ya zege, mmoja kila upande wa kijito. Mnara mpana una bwawa la kuogelea chini na viwanja vinne vya michezo vilivyopandana juu yake. Mwembamba una vyumba vya kubadilishia nguo na vya mazoezi. Madaraja manane ya zege lililokazwa yanauunganisha huu na ule angani, mengine yakigawanyika mara mbili katikati ya safari, na mchezaji anayetoka kuvaa hulazimika kuvuka nje, juani au mvuani, mji ukiwa chini yake. Juu ya kijito palitandikwa sakafu ya mbao, ambayo watu waliigeuza mahali pa kuota jua wakaiita ufukwe, katika jiji lisilo na bahari.

Mnara mpana hauna madirisha ya kawaida. Kuta zake nene zimetobolewa matundu makubwa yasiyo na umbo la kupimika, kama ya pango, bila kioo, yenye vizuizi vya mbao nyekundu vinavyosukumwa kando, na upepo unapita moja kwa moja kutoka tundu moja hadi jingine. Lina alichukia viyoyozi na hakuweka hata kimoja. Viwanja vya ndani havikufuata vipimo rasmi vya mashindano, na hilo halikutokana na ufinyu wa kiwanja peke yake: alitaka watu waje kucheza, si kushindania vikombe, na kiwanja kisichokidhi kanuni za mashirikisho kingejilinda chenyewe dhidi ya mashindano. Pembeni ulisimama mnara wa maji wa mviringo wenye urefu wa mita 70, uliomwagwa kwa kupandisha boksi mita moja kila mara, na katika kila kiungo zege lililovuja liliachwa lining'inie, mithili ya pindo la nguo lililochanika. Msimamizi mwingine wa ujenzi angeagiza lisuguliwe.

Minara ilifunguliwa mwaka 1986. Kwa wakati huo usanifu wa ulimwengu ulikuwa umelichoka zege, na mitindo mipya ilipendelea rangi, vioo na nguzo za kuigiza za Kirumi, kiasi kwamba Pompéia ilisomeka kwa wengi kama kitu kilichochelewa. Ilichukua miaka mingi kabla wasanifu wa nje ya Brazili hawajaanza kwenda kuitazama. Wakazi wa kitongoji hawakuwa na sababu ya kungojea. Siku za mwisho wa wiki viwanja vilijaa.

Lina alirudi Salvador katikati ya miaka ya 1980, safari hii kwa mwaliko wa jiji, na pamoja na João Filgueiras Lima, aliyeitwa Lelé, alikarabati nyumba za kale kwa bamba nyembamba za saruji na wavu wa chuma, zilizotengenezwa kiwandani na kubebwa kwa mikono hadi vichochoroni. Katika mtaa wa Pelourinho alipanga Nyumba ya Benin, kituo cha kukumbuka uhusiano wa Bahia na pwani ya Afrika Magharibi, ambamo nguzo za zege zilivikwa majani ya mnazi yaliyosukwa. Baada ya Luiza Erundina, mwanamke wa Kaskazini-Mashariki na wa chama cha wafanyakazi, kushika umeya wa São Paulo mwaka 1989, Lina alipewa kazi ya kuligeuza kasri la kale la maonyesho ya viwanda kuwa makao makuu ya jiji. Alifariki tarehe 20 Machi 1992 kazi hiyo ikiwa haijakamilika.

Baada ya kifo chake majengo yake mawili makubwa yalifuata njia tofauti. MASP, ambalo zege lake lilivuja maji na likapakwa rangi nyekundu kwenye boriti na nguzo karibu na mwaka 1990, lilitegemea wafadhili binafsi, mikopo na huruma ya serikali, na kila uongozi mpya uliingia na maoni yake kuhusu namna ya kuonyesha picha. Mwaka 1996 viegemeo vya kioo viliondolewa na ukumbi ukagawanywa kwa kuta, mtindo ambao Lina aliutumia maisha yake kuupinga. Hata kulindwa kwa jengo na mamlaka ya urithi wa taifa mwaka 2003 hakukuvirudisha. Vilirudi Desemba 2015, baada ya uongozi kubadilika. Uwazi wa chini umewahi kupendekezewa uzio, na miaka ya karibuni jiji limeukabidhi kwa usimamizi wa makumbusho yenyewe, ambayo mwaka 2025 yalifungua jengo jipya la ghorofa 14 kando yake.

Pompéia haikupitia misukosuko ya namna hiyo, kwa kuwa mwenye nyumba hakubadilika na mchango wa asilimia 1.5 uliendelea kuingia kila mwezi, mishahara ilipolipwa. SESC ilitumia fedha hizohizo kujenga vituo vingine, kikiwamo kile cha mtaa wa 24 de Maio katikati ya São Paulo, kilichofunguliwa mwaka 2017 kwa usanifu wa Paulo Mendes da Rocha na wenzake, chenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Usalama huo nao una mpaka, kwa kuwa sheria iliyoweka mchango ni sheria inayoweza kubadilishwa. Mwaka 2023 Bunge la Brazili lilipewa kifungu cha kuchukua asilimia 5 ya fedha za SESC na za taasisi dada yake ya mafunzo ya biashara ili zikatangaze utalii wa nchi ng'ambo. Vituo vya SESC vilikusanya saini za wananchi, wasanii wakajitokeza kupinga, na mwezi Mei Baraza la Seneti likakiondoa kifungu hicho.